Nauli ya Maua

Mwezi wa nne, msafiri anayetoka Tunduma kuja Sumbawanga hupita katikati ya maua na hakuna anayemshtua. Alizeti zimesimama pande zote mbili za lami, Laela, Mpui, mpaka unakaribia mjini, vichwa vimeelekea mashariki, na sijawahi kuona Mfipa akisimamisha gari ili azitazame. Atazame nini? Yale ni mafuta ambayo bado hayajakamuliwa. Ua la boga kwetu ni mboga ya jioni. Ua la maharage ni taarifa tu kwamba maharage yanakuja, na mvua ya mawe ikilipukutisha tunasikitikia maharage. Hata okidi za porini, ambazo Ulaya mtu hununua moja kwenye chungu akaiweka dirishani na kuipa jina, huku wapo wanaozithamini kuanzia ardhini kwenda chini. Wanachimba viazi vyake vidogo, vinavushwa Tunduma kuingia Zambia, na huko vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka viwe chikanda, kitu cha kukatwa vipande na kuliwa. Ua lenyewe hubaki porini limelala chali.

Watu wa pwani wana mambo yao. Mwanamke wa Unguja anatunga asumini, anapachika kikuba kifuani, anajua kilua ni cha saa ngapi. Huku juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, mwanamke akitoka jioni anavaa sweta, juu ya sweta kitenge, juu ya kitenge shuka. Asumini angeipachika wapi, na nani angeinusa katika upepo ule?

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni nchi ya namna gani niliyotumwa kupeleka maua mabichi ndani ya boksi.

Baba yetu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, alifikisha miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma haulizwi tena kama anataka kustaafu, akarudi nyumbani Matai. Ukoo ukaunda kamati ya kumpongeza. Kamati ikaunda grupu la WhatsApp. Grupu likamchagua Mama Mkubwa kuwa mweka hazina, kwa kuwa tangu ashike daftari la vikoba vya mtaani kwake hakuna shilingi iliyotoka bila kujieleza. Mchango ukapangwa: 20,000 kila mtu mzima, na majina yakaorodheshwa, aliyetoa na ambaye hajatoa, kwa herufi kubwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka binamu yetu mmoja wa Dar es Salaam, ambaye huchangia maneno kuliko fedha, alipoandika usiku: "Mwalimu amelea vizazi. Safari hii apewe maua yake!" Watu wakajaza vikatuni vya makofi. Mama Mkubwa hakuweka kikatuni. Asubuhi alituma sauti. "Nimesoma hapo kuna maua. Hayo maua yako kwenye bajeti gani? Na anayeyaleta ni nani?"

Binamu hakuonekana tena hewani. Wengine tukajaribu kumweleza kwamba ni namna tu ya kusema, siku hizi vijana ndivyo wanavyosifia. Mama Mkubwa akasema kamati haina namna tu ya kusema; kamati ina muhtasari. Ndipo mtu mmoja, Mungu anamjua, akakumbusha kwamba mimi nina duka la fotokopi na madaftari mjini Sumbawanga, na kwamba nauza karatasi za kufungia zawadi. Kufikia mchana muhtasari ulikuwa na kipengele kipya: maua mabichi ndani ya boksi la zawadi, sh. 30,000, mhusika mimi.

Boksi nilikuwa nalo, tena zuri: la mviringo, jekundu, lina mfuniko na utepe wa dhahabu. Tatizo la boksi la zawadi ni kwamba ni karatasi, na maua yanakunywa maji. Wapambaji wanaojua kazi huanza kwa kutandika plastiki ndani, inapanda mpaka ukingoni, kisha wanaweka sponji ya maua iliyoloa. Sasa plastiki laini ya kutandika Tanzania uipate wapi? Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Mama mkwe wangu, ninayekaa naye, alitii agizo siku hiyohiyo: hakununua tena hata mmoja. Aliyokuwa nayo akaikunja pembe tatu pembe tatu, akaiweka chini ya godoro, na haijaguswa hadi leo isipokuwa kwa sababu nzito. Nilimpigia magoti. Akanipa mmoja, mweusi, usio na tundu, baada ya kuuliza mara mbili kama utarudi.

Sponji ndiyo iliyonitoa jasho. Ni kipande cha kijani, chepesi, cha umbo la tofali. Mmarekani mmoja, Vernon Smithers, ndiye aliyegundua mwaka 1954 kwamba kitu hicho kinafaa kushikilia vikonyo vya maua na kuvinywesha, na wapambaji wengi mpaka leo wanakiita oasis kwa jina la bidhaa yake. Mjini sikukipata. Mpambaji mmoja wa Mbeya akanitumia matofali mawili kwa basi, zaidi ya kilomita 300, nikayapokea stendi yakiwa mazima, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza.

Asichokuambia mtu ni kwamba sponji ile haiwezi kukaa mezani mbele ya watu. Ina kitu kinachoita kidole. Mteja anakuja kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, anaiona, anauliza "hii nini?", na kabla hujajibu kidole kimeshaingia mpaka kwenye fundo la pili. Shimo halijifungi. Anatazama shimo, anatazama kidole, anaona vumbi la kijani, kisha anabonyeza tena pembeni kuhakikisha. Mwalimu mkuu mmoja, mtu mzima mwenye tai, alitoboa mashimo matano akisubiri barua yake ichapwe. Jioni tofali la kwanza lilikuwa limekwisha kazi.

La pili nikalificha nyumbani, jikoni, juu ya kabati. Asubuhi nikamkuta mama mkwe uani, beseni mbele yake, soksi za mjukuu mkononi, uso umekunjamana.

"Mwanangu," akasema, "hii sabuni umepigwa. Nimesugua mpaka mkono umeniuma, haitoi povu hata la dawa."

Mkwe hakemewi. Nikamshukuru kwa kunifulia, nikaokota nusu iliyosalia. Ile nusu nyingine iliendelea kutoka kwenye soksi hizo, punje kwa punje, muda mrefu sana. Baadaye nikasoma kwamba sponji hii haiozi, inapukutika tu kuwa vijipande vya plastiki, na kwamba Uingereza chama cha kifalme cha bustani, RHS, kimeipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021. Kwa hiyo ndani ya boksi langu walikaa watoro wawili, mmoja wa Uingereza na mmoja wa hapahapa, na juu yao utepe wa dhahabu.

Maua, basi. Nilianza kwa kuuliza kama waridi la Arusha linaweza kufika Sumbawanga likiwa hai. Mashamba ya Usa River, chini ya Mlima Meru, yamekuwa yakilima waridi kwa ajili ya Ulaya; yanakatwa, yanatiwa ubaridi, mengi yanavushwa kwa lori hadi Nairobi na kupanda ndege kwenda Uholanzi. Niliyemuuliza alicheka kwa adabu. Akasema waridi hilo lina nafasi kubwa zaidi ya kufika mnadani Aalsmeer kuliko kufika Laela.

Nikaenda kwa masista. Parokiani kuna bustani ya waridi inayotunzwa na sista wa sakristia, mwanamke mfupi mwenye mkasi mrefu. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina, umekuja kuomba nini?" Nilikuwa nimechagua wakati mbaya. Kwaresima altare haipambwi maua, kwa hiyo waridi hutunzwa wiki zote hizo, na Pasaka ikifika hukatwa yote kwa mpigo. Tulikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka. Bustani ilikuwa miiba mitupu na waridi tisa zilizochelewa kuamka. Akanipa zote tisa, pamoja na mafundisho. Kata alfajiri. Kata mshazari, kikonyo kikiwa ndani ya maji, kisimeze hewa. Ondoa kila jani litakalozama, litaoza na kuchafua maji. Usiweke karibu na matunda yaliyoiva, kwa sababu tunda bivu hutoa gesi inayozeesha maua. Alipoona nusu yangu ya sponji aliitazama kwa huruma. Yeye hutumia wavu wa kuku, aukunje, autie kwenye bakuli la maji, achomeke maua humo. Wavu wake mmoja umeona mapadre wengi wakija na kuhama.

Waridi tisa hazijazi boksi. Jirani yetu ana shamba la alizeti, mzee mwenye heshima zake, nikamfuata nikamwomba aniuzie vichwa vinne.

"Vimekomaa lini, binti?"

"Nataka visivyokomaa, mzee. Vilivyochanua tu."

Alinyamaza kidogo. "Kwani vimekosa nini?"

Nikamweleza. Akaelewa maneno yote isipokuwa sababu. Mwaka 2022, bei ya mafuta ya kula ilipopaa nchi nzima, mzee huyu alisomesha mtoto kwa alizeti. Kumwambia akate kichwa kibichi kikawekwe kwenye boksi ni kumwambia amchinje ndama kwa ajili ya kengele yake. Hatimaye alikubali, akachagua vichwa vinne vilivyoliwa pembeni na ndege, akavikata mwenyewe, na akanitoza bei ya lita moja ya mafuta. Sikubishana.

Mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu, nilimtuma njia ya milima ya Mbizi aniletee maua madogomadogo ya kujazia nafasi. Nilimwonya asiingie kwenye msitu wa hifadhi, atazame kandokando ya mashamba tu. Alirudi jua likizama, amechoka, ana furaha, kiroba begani. Akamwaga sakafuni. Vilikuwa viazi vya okidi, na udongo wake.

"Maua yenyewe yako wapi?"

"Maua niliyatupa, shangazi. Nimekuletea mali."

Nilikaa kwenye kigoda. Mtoto hakuwa na kosa. Tangu azaliwe hajaona mtu mzima akirudi kutoka porini na upande wa juu wa mmea ule. Nikamweleza kwamba ukishachimba kiazi umemaliza mmea mzima, kwamba okidi zote duniani biashara yake ya mpakani ina masharti ya kimataifa, na kwamba Kitulo, ile hifadhi ya juu Makete inayoitwa Bustani ya Mungu, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na uchimbaji huu ulikuwa miongoni mwa sababu. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza kama navirudisha, maana anamjua mtu. Tulivipanda vyote nyuma ya choo. Havijaota.

Usiku ule nikapanga boksi. Sponji unatakiwa kuiweka juu ya maji na kuiacha izame yenyewe, kwani ukiizamisha kwa mkono maji yanaziba nje na kati panabaki pakavu. Mama mkwe aliivumilia kwa muda wa Baba Yetu moja, kisha akaibonyeza kwa mwiko. Nikachomeka alizeti nne katikati, waridi pembezoni, na mahali palipotakiwa maua ya Mbizi nikaweka majani ya karoti. Kusema kweli lilipendeza. Na kwa kulihifadhi sikuhangaika: wauza maua wa Dar hulipia umeme kupata ubaridi ambao sisi tunaupata chini ya mlango wa jikoni. Asubuhi nikatoboa matundu kwenye mfuniko ili maua yapumue, nikafunga utepe, nikaenda stendi.

Yale matundu ndiyo yaliyoniponza. Boksi lenye matundu, katika mkoa wa Rukwa, lina maana moja.

"Vifaranga hivyo," konda akasema, "havikai juu ya keria, vitakufa baridi. Wala mapajani sitaki, vitanyea watu. Lipia kiti."

"Si vifaranga. Ni maua."

"Sawa. Kiti elfu nne." Akatoa kitabu cha tiketi. "Jina la abiria?"

"Nimekwambia, ni maua."

Akaandika: Maua. Kiti namba saba, dirishani.

Njia nzima ya Matai nilijibu maswali. Mama wa kiti cha nyuma alitaka kujua kama ni Kuroiler au Sasso. Mzee wa mbele akashauri niwape maji yenye glukosi. Mtu akatega sikio kwenye tundu, akatangaza kwamba kuna mmoja tu analia, wengine wamekwisha kufa, na kosta nzima ikanipa pole. Mwanamke mmoja, kwa wema wake, akakinga boksi dhidi ya upepo wa dirisha kwa kuliegemezea kapu la ndizi mbivu, njano tii, zinazonukia. Nikamkumbuka sista. Nikakosa la kusema, maana kumwambia mtu ndizi zake zinazeesha vifaranga kungehitaji safari ndefu kuliko ile.

Sherehe ilifana. Zawadi ziliingia kwa ngoma: mabati ishirini, godoro la inchi nane, beberu, sufuria za ukubwa wote, blanketi. Kisha MC akatangaza zawadi maalumu ya kamati, na mimi nikacheza kwenda mbele na boksi jekundu kichwani, vigelegele vikinisindikiza. Mama mdogo, mke wa mwalimu, akafungua mfuniko. Watu wakainuka kutazama.

Alizeti zilikuwa zimeinamisha shingo, zote nne, zinachungulia waridi. Mama mdogo ni mwanamke mwenye malezi. Akasema "Jamani, karatasi gani nzuri hivi," akaanza kuyatoa maua moja moja, akiyapanga mezani kwa uangalifu, ili afike kwenye zawadi.

MC hakunisaidia. "Anashuka! Bado anashuka! Mwalimu, jiandae!" Waridi zikaisha, karoti zikaisha. Ikatoka sponji. "Ni jibini!" akapaza sauti mtu wa nyuma. Kidole kikaingia. Si jibini. Ngoma ikapiga taratibu. Mama mdogo akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kuutoa ukiwa umeshika kitu cheusi kinachodondosha maji, akakikung'uta, akakiinua juu.

"Rambo!"

Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile. Wanawake walisimama. Mfuko ulipita mkono kwa mkono, ukapulizwa kuona kama una tundu, ukasifiwa unene wake, mmoja akasema mifuko ya zamani ilikuwa mifuko kweli. Nilimfikiria mama mkwe na ahadi yangu, nikatazama chini.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenyewe. Alikuwa ameokota kichwa kimoja cha alizeti, amevaa miwani. "Hii ni Record au ni chotara?" Sikujua. Akasogea kwenye kipaza sauti, na hotuba aliyokuwa ameandikiwa na watoto wake ikabaki mfukoni. Akatueleza kwamba alizeti si ua moja. Ni mamia ya maua madogo yaliyobanana, na kila moja likichavushwa linatoa mbegu yake moja, ndiyo maana mwenye mizinga ya nyuki shambani huvuna zaidi. Akaonyesha yale ya njano ya pembeni. "Haya makubwa yanayong'aa," akasema, "hayazai kitu. Kazi yake ni kuita tu."

Watu wote wakageuka kumtazama binamu wa Dar es Salaam.

Mahesabu yalitumwa kwenye grupu Jumatatu, ukurasa mzima umepigwa picha, mwandiko wa Mama Mkubwa umenyooka. Masista, hakuna risiti. Alizeti, hakuna risiti, muuzaji ni jirani. Sponji, risiti ipo. Kisha: "Nauli ya Maua, Sumbawanga hadi Matai, 4,000. Tiketi imeambatanishwa."

Ndugu wa Mpanda, ambao hawakuhudhuria, ndio walioanza. Maua ni nani? Mbona kamati inamlipia nauli na wengine tunajitegemea? Mmoja akaandika kwamba anamkumbuka, mweupe, alikuwepo kwenye msiba wa babu. Mwingine akasahihisha kwamba huyo ni mke wa kijana wetu wa Namanyere, ila hawajafunga ndoa kanisani ndiyo maana hatumsikii. Nikaandika maelezo marefu. Mama Mkubwa akanijibu kwamba maelezo yangu ameyasoma, lakini tiketi ina jina na namba ya kiti, na yeye anafuata nyaraka. Orodha ya michango ikatoka upya jioni hiyo, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: MAUA, 20,000, HAJATOA.

Jana kijana wa Namanyere alinipigia simu. Anataka kujua ni nani anayemdai mchango wa mke ambaye hajamwoa.